Rangi iwe ya mwisho: kuchagua chambo bandia baharini na ziwani

Ingia duka la vifaa vya uvuvi Mombasa, Dar au Mwanza, utakuta ukuta mzima wa samaki wa plastiki wamening'inizwa: wa bluu, wa waridi, wenye madoa, wenye kichwa chekundu. Mnunuzi anasimama, anapitisha macho, anachukua anayempendeza. Rangi zile zilipakwa ili zimnase yeye kwanza. Samaki ana maswali mengine kabisa, na lile la rangi huwa analifikia mwisho, kama analifikia.

Mpangilio unaofaa ni huu: kina, kisha ukubwa na umbo, kisha mwendo, kisha mtikisiko na kelele, halafu ndiyo rangi. Chambo chenye rangi mbaya kikipita mbele ya pua ya nguru kwa kasi inayofaa kitaliwa. Chenye rangi nzuri kikipita mita sita juu ya kichwa chake ni pambo tu.

Kina

Chambo kigumu chenye umbo la samaki huwa na ulimi chini ya kidevu, wa plastiki au wa chuma. Utazame huo kabla ya kitu kingine. Ulimi mfupi uliosimama kama ndevu za beberu hukiweka chambo kati ya nusu mita na mita 2, na hukitikisa kwa nguvu. Ulimi mrefu uliolala mbele hukizamisha. Kadiri unavyonyooka sambamba na mwili ndivyo kinavyokwenda chini zaidi. Kisicho na ulimi hakichimbi maji hata ukivute vipi: ama kinaelea, ama kinazama kwa uzito wake.

Rapala ni kampuni ya Finland iliyoanzia kwa Lauri Rapala mwaka 1936, na jina lake limezoeleka hivi kwamba wengi huita chambo chochote cha aina hii rapala. Katika vyambo vyao vya X-Rap Magnum, namba ya modeli ni kina kwa futi: 10 hushuka mita 3, 15 mita 4 na nusu, 20 mita 6, 30 mita 9. Vile vidogo vya asili vya Countdown ni vya kuzama: hushuka karibu sentimita 30 kwa sekunde. Ukirusha ukahesabu moja hadi kumi bila kuvuta, kipo mita 3. Kikigusa mwamba ulipofika kumi na mbili, mrusho unaofuata anza kuvuta kwenye kumi.

Ila kina kinachoandikwa kwenye boksi ni cha mshipi mwembamba. Anayerambaza, yaani anayevuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, kwa mshipi wa mkono wenye unene wa milimita 1.2 asishangae mita 9 za boksi zikageuka 6, maana maji hayasukumi chambo peke yake. Yanasukuma mshipi wote uliozama na kuunyanyua. Uzi wa kusokotwa, kwa kuwa ni mwembamba kwa nguvu ileile, hukiacha chambo kishuke. Kuongeza mshipi nyuma ya chombo kunasaidia mpaka mita 40 au 50 hivi. Baada ya hapo kila mita unayoachia inaongeza mzigo kuliko kina, na samaki akishika unakuwa na mshipi mrefu unaonyumbuka, ndoano hazizami vizuri mdomoni.

Kupima chambo kipya si kazi. Tafuta fungu la mchanga ambalo unajua lina pima tatu, yaani kama mita 5 na nusu, upite juu yake taratibu. Fimbo ikianza kugongagonga kwa mdundo usio sawa, na chambo kikirudi na mchanga kwenye ulimi, umeshajua kinafika. Kisipogusa, kwenye mwamba wa pima nane kitakuwa kinatalii katikati ya maji.

Nguru hupita ukingoni mwa mwamba, alfajiri karibu na juu, jua likipanda anashuka. Kolekole hupanda juu ya mwamba wenyewe, hata kwenye maji ya kiunoni, hasa pale mlangoni ambapo maji yanatoka kwa nguvu wakati wa kupwa. Songoro anapenda kivuli: boya, gogo linaloelea, hata tumbo la papa mkubwa. Sehewa na jodari wadogo wanaonyeshwa na ndege. Chewa yuko kwake, kwenye pango, na chambo kinachopita mita kumi juu ya dari yake hakimhusu.

Anachokula leo

Kosa linaloonekana kila msimu: sehewa wanarukaruka, maji yanachemka, mtu anawatupia chambo cha sentimita 18. Hawakigusi. Anabadilisha rangi mara nne, hawakigusi. Wanakula vidagaa vya sentimita 5, na wakishaanza hivyo macho yao yamezoea ukubwa ule tu. Dawa ni kipande cha chuma chembamba cha gramu 20 hadi 40, kinachong'aa, chenye urefu wa kidole, kirushwe mbele ya kundi na kuvutwa haraka. Usikirushe katikati ya kundi wala usipitishe boti juu yake, litazama na kuibuka mita mia mbili mbali.

Nguru anayekula vibua anataka kitu chenye umbo la kibua: kifupi, kipana kidogo, sentimita 14 hadi 18. Akiwa anakimbiza chuchunge au mtumbuu, chambo kirefu chembamba kitamvutia zaidi hata kama uzito ni uleule. Njia ya uhakika ni kumpasua tumbo samaki wa kwanza kabla hujabadilisha kitu. Dakika mbili za kisu zinakuambia mengi kuliko fundi yeyote wa dukani.

Mwendo, na mkondo unaodanganya

Kila chambo kina kasi yake. Chenye ulimi hufanya kazi vizuri kati ya noti 4 na 6, yaani kilomita 7 hadi 11 kwa saa. Vyambo vya marinda, vile vyenye kichwa kigumu na nyuzi za plastiki zinazoning'inia nyuma, vinataka noti 6 hadi 8 na nusu. Manyoya na vyambo vidogo vya kutengeneza nyumbani, noti 4 hadi 6. Ukichanganya aina zote nyuma ya chombo kimoja, unaishia kukimbia noti 6: marinda yanasinzia kidogo na ulimi unahangaika kidogo. Inawezekana, lakini hakuna anayefanya kazi kwa uwezo wake wote. Ni afadhali kuamua mapema kwamba asubuhi hii ni ya ndimi ukingoni, na baadaye ni ya marinda kwenye maji ya bluu.

Jambo linalowapoteza wengi ni kusoma kasi kwenye GPS. GPS inapima mwendo juu ya ardhi, na chambo kinajua mwendo ndani ya maji tu. Mkondo wa pwani yetu, kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Kenya, unaelekea kaskazini, na wakati wa kusi unapata nguvu kwelikweli. Tuseme unatoka Shimoni, unaelekea kaskazini, na mkondo wa noti 2 unakusukuma kutoka nyuma. Kioo kinasema noti 5. Chambo chako kinavutwa kwa noti 3, kimelala. Geuza urudi kusini kwa noti 5 zilezile za kioo: sasa ni noti 7 ndani ya maji, na kilekile kilicholala kinazunguka kama feni na kuruka juu. Ndiyo maana watu husema "leo wanakula tukienda kusini tu". Samaki hawana dira. Angalia mtikisiko wa ncha ya fimbo, uongeze au upunguze moto mpaka ncha itetemeke kwa mdundo wa haraka usiokatika. Anayetumia mshipi wa mkono auweke kwenye kidole: mtetemo uwe kama wa simu inayoita bila sauti.

Kabla ya kuachia chambo chochote chenye ulimi, kishushe pembeni mwa boti kwenye maji safi, nje ya povu, mita mbili tu za mshipi, ukiangalie kwa nusu dakika. Kinatakiwa kuyumba kulia na kushoto kwa usawa na kwenda moja kwa moja. Kikivutia kushoto, shika kwa koleo kile kijicho cha waya ambacho mshipi unafungwa, ukipinde kidogo sana kuelekea kulia, uweke tena majini. Kidogo sana, nasema, unene wa kadi ya simu. Kikivutia kulia, kinyume chake. Usikizungushe kijicho, kinalegea na kung'oka, pinda tu. Kikiwa bado kinalala ubavu, kagua ndoano: moja huwa imenasa kwenye pete au imebeba uzi wa mwani. Jani moja la mwani linaua chambo kizima, kwa hiyo kwenye maji yenye mwani mwingi kivute ukikague kila baada ya dakika kumi na tano.

Marinda yana kipimo chake cha macho. Kichwa chenye uso uliokatwa mshazari huyumba na kuchimba. Chenye uso wa kikombe hurusha maji na kupiga kelele. Chenye ncha ya risasi hunyooka tu. Chambo cha marinda kinachofanya kazi hupanda juu, kikafungua mdomo wake hewani kwa sekunde, kisha hupiga mbizi na kuacha nyuma mkia wa mapovu kama moshi wa bodaboda mbovu. Huenda chini hivyo sekunde kadhaa, huibuka tena. Kikiruka nje ya maji kabisa, punguza mwendo au kirudishe nyuma wimbi moja. Kisipoibuka kamwe, kisogeze karibu au nyanyua ncha ya fimbo. Mahali pake ni kwenye mteremko wa mbele wa wimbi la boti, lile linaloangalia chombo, kuanzia wimbi la pili hadi la tano; kikikaa nyuma ya wimbi hufichwa. Bahari ikichafuka wakati wa kusi weka vichwa vya risasi, maana vya mshazari vinapinduka kila wimbi likivunjika. Sulisuli: sentimita 15 hadi 20. Nduwaro: 25 na kuendelea, na kamba zote ziwe za kumstahimili yeye, kwa sababu yeye hatakuomba ruhusa ya kupita kwenye chambo cha sulisuli.

Kolekole, na vyuma vya kushusha

Kwa kolekole mkubwa chambo cha juu ya maji ndicho chenye raha zake, kile chenye mdomo wa kikombe kinachopiga "bwobu!" kila ukikivuta, ambacho wavuvi wa fimbo huita popa. Gramu 100 hadi 150 kwa maji yenye mawimbi, 60 hadi 80 ndani ya mwamba penye utulivu. Kivute kwa pigo refu la fimbo, acha mapovu yatulie sekunde moja au mbili, piga tena. Wengi hupiga mfululizo bila kupumzika. Kolekole huja wakati wa kimya. Maji yakiwa shwari kama mafuta, popa huwatisha. Hapo tumia kile kirefu kisicho na kikombe wala ulimi, kinachoteleza chini ya uso wa maji kwa kuyumba.

Hapa ndipo ndoano zinapohukumu. Ndoano ya meno matatu iliyokuja na chambo cha bei nafuu hunyooka kwa kolekole wa kilo 15, si kwa kuvutwa moja kwa moja, bali kwa sababu jino moja likiwa mdomoni na lingine limeegemea taya, samaki akijigeuza jino moja linakuwa nyenzo ya kulifungua lingine. Badilisha uweke ndoano moja nene, moja tumboni na moja mkiani. Ila pima: ndoano nzito mno hukizamisha popa kikakaa wima kama chupa na kikombe hakinasi maji. Kiweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi nyumbani. Mkia ukizama na kichwa kikabaki nje kwa pembe ya nusu, ni sawa. Kikizama chote, punguza. Mbele ya chambo weka mita 1 na nusu hadi 2 za nailoni ya milimita 1.2 hadi 1.5, maana uzi wa kusokotwa ukigusa mwamba umekatika tayari.

Vyuma vya kushusha wima, jigi, vinachaguliwa kwa kina na kwa mwezi. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, gramu 100 zinatosha mita 30 hadi 50. Siku za bamvua, mkondo ukiwa na nguvu, palepale utataka 150 au 200. Kipimo ni pembe ya uzi: ukilala zaidi ya nusu kati ya wima na usawa wa bahari, jigi haiko chini yako tena, ongeza uzito. Jigi nyembamba ndefu hushuka kama kisu na hupandishwa kwa haraka, nayo ni ya jodari na kolekole. Iliyo pana kama jani hushuka ikipepea, na hiyo ni ya chewa, kungu na changu, kwa sababu hao hukamata inaposhuka. Shika uzi kidogo kwa vidole wakati inashuka. Ukilegea kabla haijafika chini, si chini hiyo, ni mdomo. Ndoano ifungwe juu, upande wa mshipi, kwa kamba fupi isiyozidi nusu ya urefu wa jigi. Ikining'inia chini utavua matumbawe.

Maji ya rangi gani

Sasa rangi, kwa kuwa mmeisubiri. Mwanga mwekundu ndio unaokufa kwanza majini. Kwenye maji ya bluu safi ya Mkondo wa Pemba, ukipita mita 8 hadi 10 nyekundu inaonekana kama kijivu cheusi. Kile chambo maarufu chenye kichwa chekundu na mwili mweupe kinavua nguru miaka yote, ila chini kule samaki haoni nyekundu. Anaona kitu cheupe kilichokatwa kichwa na kivuli. Ni tofauti ya giza na mwanga inayofanya kazi, na kichwa cheusi kingefanya vilevile. Kwenye maji safi na jua kali: fedha, bluu, kijani cha mgongo wa kibua, kitu kinachofanana na samaki wa kweli, na mshipi wa mbele mwembamba kadiri unavyothubutu. Alfajiri na magharibi, au chini ya mawingu mazito: nyeusi na zambarau. Samaki anatazama kutoka chini kwenda juu, na kitu cheusi ndicho kinachochora kivuli kikali kwenye anga hafifu.

Malindi mvua zikinyesha bara, mto Sabaki unamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa hadi mbali baharini, na kuna mstari unaoonekana kwa macho ambapo tope linakutana na bluu. Samaki wa kuwinda husimama upande wa maji safi na kuvizia wanaotoka kwenye giza. Rambaza sambamba na mstari huo, usiukatize, na upande wa tope utumie chambo kinachopiga kelele na chenye rangi ya chungwa au njano ya kung'aa. Rangi za kung'aa, zile zinazoonekana kama jaketi la trafiki, zinabaki hai kwenye maji machafu kwa sababu huchukua mwanga wa rangi nyingine na kuutoa kwa rangi yao.

Ziwa Victoria ni kitabu kingine. Maji ni ya kijani kwa mwani, na karibu na midomo ya mito ni ya kahawia. Bluu na fedha tupu hupotea humo. Sangara ana macho yanayorudisha mwanga, ukimulika usiku yanawaka kama ya paka, kwa hiyo giza si tatizo lake. Tatizo ni umbali, na kwenye maji ya kuona nusu mita anawinda kwa mstari wa ubavuni unaohisi mtetemo kabla hajaona chochote. Chagua chambo kinene kinachoyumba kwa nguvu, chenye gololi ndani zinazogonga, sentimita 12 hadi 18, cha kushuka mita 4 hadi 6, ukirambaze kwa noti 2 hadi 3 tu kando ya miamba ya visiwa. Rangi: njano-kijani yenye milia myeusi, chungwa, au dhahabu. Kwenye kivuli cha mawe, nyeusi.

Kati ya Oktoba na Machi maji ya chini ya ziwa hukosa hewa kwa kuwa hayachanganyiki na ya juu, na samaki hawawezi kukaa huko. Usihangaike na vyambo vya kuzama sana miezi hiyo. Tafuta miteremko ya mita 5 hadi 15. Penye magugu maji weka samaki wa mpira laini mwenye ndoano moja iliyofichwa mgongoni, ncha ikiwa imezikwa kidogo kwenye mpira. Itapita juu ya mizizi bila kushika, na sangara akibana mpira unajikunja na ncha inatoka. Yeye hana meno ya kukata, ana mdomo kama msasa, kwa hiyo huhitaji waya. Lakini kifuniko cha shavu lake ni wembe. Nailoni ya milimita 0.8 hadi 1 mbele, na uipapase kwa kucha baada ya kila samaki; penye mkwaruzo kata, funga upya. Akiruka kutikisa kichwa, inamisha fimbo hadi karibu na maji: chambo kizito kikipata nafasi ya kubembea kinajing'oa chenyewe.

Mbenga wa mto Kongo na ndugu zake wa Rufiji na Kilombero ni kinyume. Meno nje, mdomo wote mfupa. Vijiko vya chuma, yaani vyambo vyenye umbo la kijiko, ndoano moja nyembamba kali sana, na waya bila mjadala.

Waya, pete, fundo

Nguru na mzia hukata nailoni kama tambi. Waya wa uzi mmoja, unene wa milimita 0.4 hivi, rangi ya kahawa, sentimita 20 hadi 40 unatosha. Mrefu zaidi unaua mwendo wa chambo na kuwatia samaki shaka. Usokote hivi: pitisha kwenye pete, vuka waya mbili kwa pembe pana na kuzisokota zote pamoja mara tano, si moja kuizunguka nyingine, kisha zungusha ile fupi kwa kubana mara tano juu ya ndefu. Mkia usiukate kwa koleo. Upinde uwe kama mpini wa kusagia, uzungushe, utakatika wenyewe sawasawa bila kuacha ncha ya kukupasua kiganja.

Kwenye maji yasiyo na meno, funga chambo kwa fundo la kitanzi kilicho wazi, si la kubana, ili pua iwe huru. Klipu kubwa ya shaba kwenye chambo cha sentimita 9 ni kama kumvalisha mtoto buti za askari. Vijiko vyote vinahitaji swiveli, kile kiungo kinachozunguka, sentimita 40 mbele yake, la sivyo mshipi unajisokota hadi ujifunge wenyewe.

Cha kutengeneza mwenyewe

Chambo kinachovua sehewa na jodari wadogo kuliko vingi vya dukani hutoka kwenye kiroba. Kata kipande cha kiroba cheupe chenye urefu wa sentimita 12, fumua nyuzi hadi upate fungu nene kama kidole gumba. Ongeza vipande vichache vyembamba vya mfuko wa bisi wenye fedha ndani. Chukua mrija wa kalamu ya biki, ukate sentimita 4, panga nyuzi kuuzunguka, funga kwa uzi wa cherehani wa nailoni ukiukaza kwa meno, pakaa gundi kali, acha ukauke. Pindua nyuzi zirudi nyuma na ufunge mara ya pili, ndipo kichwa kinapata umbo na hazing'oki. Pitisha mshipi kwenye mrija, tia shanga moja ili ndoano isipasue mrija, funga ndoano ya 5/0 hadi 7/0 ikae sentimita 2 ndani ya ncha ya nyuzi. Ndoano ikibaki karibu na kichwa, samaki watauma mkia na kuondoka nao. Mbele ya kichwa weka chubwi ya gramu 20 yenye tundu, kisirukeruke. Cheupe kwa mchana, na kwa asubuhi kipake nusu yake wino mweusi.

Anayeanza na pesa ya vyambo vitano baharini anunue kimoja cha mita 3 na kimoja cha mita 9 vya ulimi, kichwa cha risasi kimoja cha marinda cha sentimita 17, jigi moja ya gramu 150 na chuma kidogo cha gramu 30. Rangi yoyote. Pesa inayobaki iende kwenye ndoano nzuri na koleo. Jioni vioshe vyote kwa maji matamu, ndoano zikiwa zimetenganishwa, vikauke kivulini. Na vya mpira laini visikae boksi moja na vile vigumu: mafuta ya mpira huyeyusha rangi, na baada ya wiki mbili juani ndani ya boti unafungua boksi unakuta donge moja lenye ndoano kumi na mbili.